Barua ya wazi kwa viongozi wa dini: wahesabuni na waliotoka

Wapendwa maaskofu, wachungaji, mapadri, masheikh, maimamu, na nyie wote mnaokaa kwenye vikao vya kupanga nani atumwe wapi kuhubiri na ahubiri vipi, shikamooni.

Naandika nikiwa muumini, na naomba hilo liwe wazi toka mwanzo, manake najua barua kama hii ikiwafikia itasomwa kwa jicho la huyu kapoa, huyu karudi nyuma, huyu katumwa na watu. Sijapoa. Bado nasali, bado natoa sadaka, bado nikiwa na shida mtu wa kwanza kumlilia ni Mungu. Naandika kwa sababu kuna watu tumewapoteza kwa mikono yetu wenyewe, tena hatukuwapoteza kwa kukaa kimya, tumewapoteza kwa kuwasemesha mpaka wakachoka, na sijawahi hata siku moja kusikia kiongozi akisimama mbele kusema jamani hawa watu wako wapi na tuliwafanya nini.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa kwenye timu ya kushuhudia. Mnatuita wavunaji. Kila wiki tulikuwa tunajaza fomu, jina la mtu, namba ya simu, amesikia neno ndiyo au hapana, ameongozwa sala ya toba ndiyo au hapana, ameahidi kuja ibadani ndiyo au hapana. Halafu zile namba zinasomwa mbele ya watu wote, timu iliyoleta roho nyingi inasimamishwa inapigiwa makofi. Mimi yale makofi niliyapenda, nasema ukweli, na ndiyo yaliyonifikisha hapa ninapotaka kuwapeleka.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, baba yake alikuwa amelazwa hali mbaya. Tukaenda watano wodini. Alipotuona alitupokea vizuri tu, akatuomba kwa adabu, akasema ndugu zangu leo baba amechoka sana, mnaweza kumwombea kimya kimya halafu mkaja siku nyingine? Sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu akisema siku nyingine hapo ni adui ndiye anayeongea, usimpe nafasi. Basi tukapandisha sauti. Tukasoma Zaburi ya 23 kwa kelele mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutuangalia, halafu mmoja wetu akamwambia huyu dada kwamba ugonjwa wa baba yako una mlango ulioingilia, na mlango ni wewe, hujaokoka, amua sasa hivi hapa hapa. Akapiga magoti pale sakafuni, analia. Akarudia maneno tuliyomwambia ayarudie. Mimi ndiye nilikuwa na fomu, nikaandika jina lake, nikatia tiki.

Mzee alifariki siku tisa baadaye.

Dada alikuja ibadani Jumapili mbili, ya tatu hakuja. Tukaanza meseji za alfajiri kila siku, tukamuingiza kwenye grupu bila kumuuliza, akajitoa, tukamrudisha, akajitoa tena, mtu wa timu akamfuata mpaka kazini kwake kumuuliza mbele ya wenzake kwanini anamkimbia Bwana. Hapo akanyamaza kabisa, na mimi akaninyamazia, karibu miaka sita.

Tulipokuja kuongea tena, na ni yeye aliyeanza kunitafuta wala sio mimi, aliniambia kitu ambacho sijaweza kukitoa kichwani. Alisema ile Zaburi alikuwa anaipenda, mama yake alimfundisha akiwa mdogo, alikuwa anaisema kabla ya kulala. Sasa hivi akiisikia popote, hata msibani kwa watu, tumbo linamkaza, anaona miguu ya baba yake chini ya shuka na sisi tumesimama pembeni tunapiga kelele. Alisema usiku mwingine anajaribu kusali, lakini sauti inayomjia kichwani ni ya kwetu, anaacha.

Sasa viongozi wangu naomba mlione hili kwa makini. Kwenye hesabu zenu huyu dada ameokoka. Jina lake lipo kwenye ile fomu mpaka leo, lilisomwa, tukapigiwa makofi. Mahali pa kuandika kwamba alikuwa na Zaburi moja mdomoni tukamnyang'anya hapapo. Ndiyo maana mkikaa mkasoma ripoti mnaona kazi inakwenda vizuri, namba zinapanda, na huku viti vinabadilisha watu tu, wapya wanaingia kwa mlango wa mbele na wa mwaka juzi wameshatokea nyuma zamani hakuna aliyewaona.

Najua wapo wanaosema wanaoondoka hawakuwa wetu, mbegu iliangukia kwenye miamba. Inawezekana kwa wengine. Ila mkulima anayekanyaga mche kwa miguu yake mwenyewe halafu akasingizia udongo, huyo naye tumwambie nini?

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, mwaka 1966 aliandika juu ya jambo ambalo nadhani bibi zetu walikuwa wanalijua bila kwenda chuo, kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unabanwa, moyo wake unasimama kuutetea huo uhuru, na kile anachosukumiwa kinapungua thamani machoni pake hata kama mwanzoni alikuwa anakitaka. Yeye aliita riaktansi. Mimi naiona kila siku. Mtu alikuwa njiani anakuja mwenyewe polepole, anauliza maswali, anasoma kidogo kidogo, halafu anatokea mmoja wetu anamshika mkono anaanza kumvuta, yule mtu anasimama. Akivutwa zaidi anarudi nyuma. Na sisi tukiona anarudi nyuma tunasema unaona, shetani huyo, tunaongeza nguvu. Kumbe nguvu zenyewe ndizo zinazomrudisha.

Na kwa wazazi ambao nao wanalishwa kwenye semina zenu kwamba mtoto abanwe mpaka anyooke, kuna utafiti mmoja ningependa muufahamu. Mtafiti anaitwa Vern Bengtson, timu yake ilianza mwaka 1970 huko California kufuatilia familia zaidi ya 350, wakaendelea nazo zaidi ya miaka 30, babu mpaka wajukuu, waone imani inarithishwaje. Walichokikuta ni kwamba mzazi kuwa mcha Mungu peke yake hakutoshi, kinachobeba sana ni ukaribu, mtoto ahisi anapendwa, na hasa upole wa baba. Baba mshika dini lakini mkali, wa mbali, imani yake mara nyingi inaishia kwake. Nawafahamu vijana wengi ambao walikuwa wanaamshwa kwa fimbo kwenda kusali, wamefika umri wa kujitegemea kitu cha kwanza walichofanya na uhuru wao ni kulala. Wazazi wao wanalia kwenu, na nyie mnawaambia wafunge na kuomba. Ni sawa waombe, lakini muwaambie pia wakae na watoto wao waongee nao mambo mengine yasiyo ya dini kabisa, wacheke nao.

Tuje kwenye maandiko, manake najua hapo ndipo mtanisikiliza vizuri.

Marko 10, yule mtu tajiri anakuja mbio, anapiga magoti mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, anauliza nifanye nini niurithi uzima wa milele. Imeandikwa Yesu akamkazia macho, akampenda. Akamwambia ukweli mgumu, mara moja. Yule mtu akakunja uso akaenda zake kwa huzuni. Sasa tafuteni mstari unaosema Yesu alimtuma Petro akamfuate nyumbani, au akamwambia mali zako zitateketea, au akamtangaza mkutanoni. Haupo. Alimwacha aende, na alimpenda. Tena Yohana 6 ndiyo kali zaidi, wanafunzi wengi wanarudi nyuma hawafuatani naye tena, na yeye anawageukia wale kumi na wawili anawauliza, je, ninyi nanyi mwataka kuondoka? Mimi nikifika hapo huwa nanyamaza. Yaani huyu ambaye tunasema ndiye mwenye injili yenyewe, aliwaachia mlango wazi hata wale wa ndani kabisa. Na sisi tunaofanya kazi kwa jina lake tunafunga mlango na kusimama mbele yake.

Najua mtanijibu kwa Luka 14:23, uwashurutishe kuingia ndani, nyumba yangu ipate kujaa. Huu mstari umebeba mzigo mkubwa sana. Karne ya 5 askofu Augustino aliutumia kuunga mkono serikali kuwabana Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliokuwa wamejitenga, warudi kanisani, na watu wa baada yake wakauchukua wakafika nao mbali kuliko yeye. Lakini someni mfano wenyewe, ni karamu. Wanaoitwa ni maskini, vilema, watu wa njiani ambao hawawezi kuamini kwamba tajiri amewaalika kweli. Mtu wa namna hiyo unamshurutisha kwa kumwambia njoo bwana, usiogope, ni kweli umealikwa. Hakuna aliyeburutwa kuja kula kwa kutishwa.

Na kuburuta kulishajaribiwa, sio kwamba tunakisia. Mfalme Karolo Mkuu wa Wafranki, huko Ulaya, alipigana na Wasaksoni, kabila la wapagani la Ujerumani ya leo, toka mwaka 772 mpaka 804, akatoa na sheria kwamba anayekataa ubatizo auawe. Walikuwa wanabatizwa, mwaka unaofuata wanaasi, wanabatizwa tena. Kumbukumbu za ufalme wake zenyewe zinasema mwaka 782 pale Verden waliuawa watu 4,500 kwa siku moja. Na mtu wa dini aliyekuwa karibu na mfalme, Alcuin, naye aliandika barua kwa wakubwa, mwaka 796, akasema imani ni jambo la hiari, mtu unaweza kumvuta mpaka kwenye maji ya ubatizo lakini kwenye imani huwezi kumvuta. Akalalamikia na zaka, kwamba zilikuwa zinaua imani ya wale watu kabla haijashika. Miaka zaidi ya 1,200 imepita. Nyie hamshiki upanga, najua, wala siwafananishi na Karolo. Ila mtu anayemwambia mfiwa kwamba marehemu wako yuko motoni na wewe unafuata usipoamua leo, huyo anatumia silaha, imebadilika umbo tu.

Masheikh wangu, mniwie radhi naingia kwenye nyumba isiyo yangu, lakini nililala bweni moja miaka minne na rafiki Mwislamu na mengi niliyoyajua ya upole nimeyasikia kwake. Yeye ndiye aliyenisomea Sura Aal Imran aya ya 159, Mtume mwenyewe anaambiwa kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, watu wangemkimbia. Mtume huyo! Sasa sisi wa leo ukali wetu utabakiza nani? Akanisimulia pia habari ya Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, iko kwenye hadithi alizokusanya Bukhari, alikuwa anawawaidhi watu kila Alhamisi, mtu mmoja akamwambia laiti ungetuwaidhi kila siku, akajibu kinachonizuia ni kwamba sipendi kuwachosha, na Mtume alikuwa akituchagulia nyakati kwa kuchelea tusichoke. Hapo mtu ameomba mwenyewe aongezewe mawaidha na bado Ibn Mas'ud anakataa, sisi hatujaombwa na tunaweka spika mbili. Huyo rafiki yangu siku hizi haendi msikitini kwao, anasali nyumbani, kisa ni kijana mmoja wa daawa aliyekuwa akimkagua suruali, ndevu, na picha za simu kila Ijumaa mbele za watu. Hapana kulazimisha katika dini, aya ya 256 ya Al-Baqara, mnaifahamu kuliko mimi. Nadhani mara nyingi tunaisoma kama jibu la kuwapa watu wa nje wanaotusema, hatuisomi kama amri juu yetu sisi na kijana wetu mwenye maiki.

Na kwa upande wetu Wakristo wala haya hayakusahaulika kuandikwa na wakubwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965 ulitoa tamko kwamba katika kueneza imani lazima kujiepusha na kila namna ya kulazimisha au ya kushawishi isiyo ya heshima, hasa kwa maskini na wasio na elimu. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikano, na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni, watu ambao sio kila siku wanakaa meza moja, walitoa hati ya pamoja kuhusu namna ya kushuhudia, baada ya kuifanyia kazi miaka mitano. Imo humo kabisa kwamba kwenye huduma ya uponyaji, udhaifu wa mtu na shida yake ya kutaka kupona visitumike vibaya. Mimi hati hiyo niliisoma nimeshatoka kwenye timu. Wodini tulienda hatujawahi hata kuisikia, tulikuwa na fomu tu. Hivi inakuwaje karatasi nzuri kama hiyo inakaa juu miaka yote hii na haishuki mpaka kwa kijana wa miaka ishirini anayetumwa kwenye kitanda cha mgonjwa?

Mtaniuliza, sasa tunyamaze? Watu wanaangamia na wewe unataka tukae na ukweli mfukoni? Hapana. Mimi mwenyewe nisingekuwa hapa kama hakuna aliyenisemesha. Aliyenileta mimi kwenye imani alikuwa mzee mmoja aliyenisaidia kipindi nimekosa kazi, mwaka mzima hakunihubiria, nilimuuliza mwenyewe siku moja mzee unawezaje kuwa na amani hivi, akanijibu kwa dakika kama tano, akaishia hapo, akaniuliza habari za mama. Zile dakika tano nazikumbuka neno kwa neno. Mahubiri ya saa tatu tatu niliyoyasikia baadaye sikumbuki kitu. Petro anasema muwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye, lakini kwa upole na kwa hofu. Awaulizaye! Kuna mtu ameuliza kwanza. Wahenga nao walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, sisi tunachomeka fimbo kwenye pango halafu tunashangaa kuumwa.

Kuna na hili la bosi kazini anayeendesha maombi ya lazima asubuhi, la mwalimu anayemsimamisha mtoto wa dini nyingine mbele ya darasa, la abiria aliyefungwa ndani ya gari hana pa kwenda na mtu amesimama anampigia kelele safari nzima. Yote ni kitu kimoja, anayesikiliza hana uwezo wa kuondoka. Mtu asiyeweza kuondoka na kubaki kwake hakuna maana yoyote. Azimio la Haki za Binadamu la 1948 kifungu cha 18 linampa kila mtu uhuru wa dini na hata wa kuibadili, lakini hata lisingekuwepo, adabu tu ya kawaida ingetosha kutuambia mtu akisema sitaki kwa leo, ni sitaki kwa leo.

Ninachoomba ni vitu vichache na viko ndani ya uwezo wenu, havihitaji kongamano. Wafundisheni mnaowatuma kuuliza kabla ya kuanza, na kuondoka wakiambiwa hapana, na muwaambie wazi kwamba kuondoka vizuri sio kushindwa. Wodini na msibani mtu aende na mikono ya kusaidia, mdomo ubaki nyuma mpaka aitwe. Msimwongoze mtu sala yoyote akiwa analia kwa hofu. Namba ya simu ya mtu isiingizwe popote bila ruhusa yake. Acheni kusoma namba mbele za watu na kupiga makofi, manake yale makofi yanatubadilisha, mimi yalinibadilisha, nilifika mahali namwangalia dada yangu anayelia namuona ni mstari kwenye fomu.

Na kuna la mwisho ambalo ndilo gumu. Tumeni watu kwa wale walioondoka. Msiwatume kuwarudisha, watumeni wakasikilize tu, wakaulize tuliwakosea wapi, wakaombe radhi kwa jina la nyumba nzima halafu wanyanyuke waage bila kumwalika mtu ibadani. Mimi kwa dada yangu niliomba radhi. Hakusema amesamehe, alisema asante kwa kusema, tukaendelea na maongezi mengine, na siku hizi tunapigiana simu. Haendi kanisani na mimi simuulizi.

Zile fomu kama lazima ziendelee kuwepo, basi ongezeni safu moja: aliyesema hapana, tukamheshimu, tukaondoka. Na nyingine: aliyekuwa naye Mungu kabla hatujafika, sasa hana. Zikishachapishwa naomba mnipe moja, nina jina la kuanzia.